Kutafuta boliti mbadala unapofanya ovahoo (kufungua injini yote na kuitengeneza upya): mfano wa injini ya 1NZ

Probox, Vitz, IST: nyingi ninazofungua gereji zina injini ya 1NZ-FE. Pistoni na beringi zake hazisumbui kupatikana. Kazi husimama kwa ajili ya boliti moja iliyokatika, halafu injini huharibiwa na boliti "inayokaribiana" na ile ya asili.

1. Zipange tangu unafungua
Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava au hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda), toboa matundu, kila boliti ichomeke mahali pake. Boliti za kava ya cheni zinatofautiana urefu. Ukizimwaga zote kwenye bakuli moja la petroli, siku ya kufunga boliti ndefu itagota chini ya tundu kabla kava haijabanwa.

2. Tenga mafungu mawili
Fungu la kwanza ni boliti za hedi, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti), meini (beringi kuu za krankishafti) na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Hizi usizitafutie mbadala. Nunua kwa namba ya spea, dukani wanapoanza kwa kukuuliza namba ya chesisi. Hedi ya 1NZ-FE hubanwa kwa nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutonmita) 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine. Robo hizo mbili huivuta boliti ikarefuka kidogo, na mvuto huo ndio unaoshikilia hedi. Toyota huruhusu kurudisha boliti ya hedi ya zamani kama vipimo vyake bado vimo ndani ya kitabu cha ufundi. Volkswagen hutaka mpya kila mara. Kwa konrodi, mimi naweka mpya hata ile ya zamani ikipita kipimo. Ikikatika njiani, konrodi hutoboa bloku.

Fungu la pili ni sampu (bakuli la oili chini ya injini), breketi, manifoldi na wota pampu. Hapa mbadala unakubalika, ukipimwa vizuri.

3. Pima, hasa meno
Unene na urefu utavipata kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili); urefu upimie chini ya kichwa. Wengi huanguka kwenye umbali wa jino hadi jino. Boliti ya milimita 10 kwenye gari la Kijapani kwa kawaida ina uzi, yaani umbali huo, wa milimita 1.25, lakini ile ya duka la vifaa vya ujenzi huwa 1.5. Ya milimita 12 ni 1.25 dhidi ya 1.75. Kwa macho zinadanganya kabisa. (Za milimita 6 na 8 hazina shida hiyo: 1.0 na 1.25 kotekote.)

Huna kipima uzi? Pima nafasi kumi za meno kwa kalipa. Ukipata milimita 12.5, uzi ni 1.25, ukipata 15, ni 1.5. Au laza boliti mbili meno kwa meno, uziinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, hazifanani.

Niliwahi kuletewa Probox iliyofungwa boliti ya 1.5 kwenye breketi ya mauntini (inayoshikilia injini kwenye gari) kwa kulazimisha na spana ndefu. Bloku ya 1NZ ni ya aluminiamu, kwa hiyo chuma kilishinda na nyuzi zote zikafa. Ilibidi kutoboa upya na kuweka helikoili (koili ya chuma inayoleta meno mapya tunduni), kwa sababu ya boliti ya bei ya soda.

4. Soma kichwa
Alama ya 8.8 kichwani maana yake boliti hukatika kwenye mvuto wa megapaskali 800, na huanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo. 10.9 ni ngumu zaidi. Toyota huandika namba moja, kama 4, 7 au 11. Kubwa ndiyo ngumu. Kichwa kisicho na alama kiache. Chuma cha pua kinang'aa, ila boliti yake yenye alama ya A2-70 ni dhaifu kuliko 8.8.

5. Kanunue
Nenda Kariakoo, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, ukiwa na boliti yenyewe mkononi. Picha ya simu haitoshi. Boliti za kawaida za Toyota ambazo namba zake huanza na 91 mara nyingi hutaja kipimo mwishoni: 0825 ni unene wa milimita 8, urefu 25. Zilizotumika, zile za injini za kuchinja (zilizovunjwa kuuzwa vipande), zichukue kwa fungu la pili tu.

6. Jaribu kwa vidole
Safisha tundu kwa brashi, kisha puliza hewa hadi likauke. Oili ikibaki ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili, boliti huigandamiza na bloku inaweza kupasuka. Boliti sahihi huingia kwa vidole mizunguko mitano au sita bila kugoma. Ikigoma kwenye wa pili, itoe, rudi kwenye kalipa.