Kabla uulize bei ya mche, uliza mbegu ilitoka wapi

Mvua ya vuli ikikaribia, Nairobi yote inakimbilia nasari za kando ya barabara, mtu anapakia miche hamsini kwa buti ya gari, anauliza bei tu na kuenda. Hata mimi nilifanya hivyo, nikapanda mitarakwa Ruai, mti wa milima ya baridi na kule ni jua tupu na udongo mweusi, kufika Februari nilikuwa naivunja kwa vidole kama njiti za kiberiti. Iliniuma sana.

Kwa hivyo anza na udongo wako. Karen na Ngong mvua ni nyingi kuliko Ruai na Kitengela, udongo mwekundu hautuamishi maji, huko weka miti ya kienyeji kama muringa, mukinduri au muhugu. Udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi na kushika maji masika, mgunga wa gome la manjano unauweza. Mti wa mukau usijaribu hapo, unavumilia ukame kweli lakini maji yakituama unakufa, wacha ukae na mchanga wa Kitui na Makueni.

Sasa mbegu, na hapa ndio wengi tunapotelea. Mukinduri wa Limuru na wa Machakos ni mti mmoja lakini kila mmoja umezoea mvua ya kwao. Mche wa leo utakuwa umesimama miaka 50 ijayo na joto litakuwa limepanda, ndio maana mimi nachanganya, nyingi za karibu na zingine za mahali pakavu kidogo kuliko kwangu, kidogo tu, si utoe Turkana upande Karen. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya pale Muguga, wanauza mbegu, waulize zilikusanywa wapi.

Ukiokota mwenyewe usitegemee mti mmoja mzuri, tafuta kama 30, umbali wa mita 50 hadi 100 kati yao, juu miti iliyosongamana mara nyingi ni ndugu na watoto wao wanatoka dhaifu. Mti wa muiri, okota tunda likiwa rangi ya damu ya mzee, toa nyama, sia haraka, mbegu yake haingoji.

Kwa nasari, omba ufunguliwe tyubu moja. Mizizi ikiwa imejizungusha chini kama kamba, rudisha. Ukipanda, andika kwa daftari kila mstari mbegu yake ilitoka wapi, kiangazi cha kwanza kikiisha unapita na hilo daftari ukihesabu iliyobaki.