Namna ya Kuilinda Waranti ya Hita ya Maji Nyumbani Nakuru

Nchini Marekani, mwenye nyumba aweza kulipia mkataba wa kila mwaka ambao, hita yake ikichakaa na kuacha kufanya kazi, huilazimu kampuni imtumie fundi, naye huchangia ada ya ziara tu. Kwetu Kenya, mwenye nyumba hutegemea zaidi waranti anayopewa dukani. Bima ya nyumba haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa kwa kawaida hulipia majanga kama moto, wizi au mafuriko, wala si koili, yaani waya unaopasha maji moto, iliyoungua kwa uzee. Kwa hiyo karatasi ile ndogo inayowekwa ndani ya katoni inastahili kusomwa kabla ya fedha kutolewa.

Unapoisoma, usiridhike na idadi ya miaka iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mara nyingi miaka hiyo ni ya tangi pekee, ilhali koili na thamostati (kidhibiti cha joto la maji), ambazo ndizo huharibika mapema, zina muda mfupi zaidi. Uliza muda unaanza kuhesabiwa siku ya kununua au siku ya kufungwa, nani atalipia kazi ya fundi, na nani atagharimia usafiri iwapo mtambo utahitajika kupelekwa Nairobi. Kwa hita za sola zenye mirija ya kioo, angalia kama mirija iliyovunjika inalipiwa, aghalabu hailipiwi.

Jambo linalowaponza wengi Nakuru ni maji yenyewe. Kaya nyingi hutumia maji ya visima virefu, na maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa yanajulikana kwa floraidi nyingi. Floraidi hudhuru meno na mifupa, lakini si hiyo inayoimaliza hita. Kinachoimaliza ni chumvichumvi zilizoyeyuka humo. Ndani ya tangi nyingi za chuma huwekwa ufito wa magnesiamu, ambao huliwa na kutu ili chuma cha tangi kisalimike. Kadiri maji yanavyokuwa na chumvi nyingi ndivyo ufito huo unavyokwisha upesi, na ukiisha, kutu hugeukia tangi. Watengenezaji wengi hudai ufito ukaguliwe na kubadilishwa kwa wakati, na asiye na risiti za kazi hiyo hukataliwa dai lake hata kama tangi limetoboka ndani ya muda wa waranti. Mkazi wa Kisumu anayeletewa maji ya Ziwa Victoria, ambayo yana madini machache, ana afueni kidogo hapa. Mwenye kisima hana budi kupeleka sampuli ya maji yake maabara, kisha alinganishe majibu na viwango vilivyoandikwa katika waranti. Wanaonunua shawa za umeme za papo hapo nao waulize kama aina wanayoichagua imeundwa kwa maji ya chumvi, kwa sababu aina ya kawaida ikifungwa kwenye maji hayo waranti yaweza kubatilika.

Siku ya kufunga, tumia fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na umwombe aandike jina, nambari ya leseni na tarehe kwenye kadi ya waranti. Hakikisha waya wa athi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umeunganishwa, na valvu ya usalama, inayotoa shinikizo likizidi ndani ya tangi, haikuzibwa. (Kuna mafundi wanaoiziba ili isidondoshe maji, hilo ni hatari kwa wenye nyumba kabla hata ya kuwa kosa la waranti.) Mirija ya sola isijazwe maji baridi adhuhuri ikiwa imekauka na kupata moto, kwani kioo hupasuka. Piga picha za mabomba, swichi, kibandiko chenye nambari ya mtambo, pamoja na risiti, ambayo wino wake hufifia upesi.

Hita ikiharibika, zima swichi yake na usimruhusu fundi wa mtaani kuifungua, hata akiwa ndugu, maana kifuniko kilichofunguliwa ni sababu rahisi ya kukukatalia. Mwandikie muuzaji ujumbe unaotaja tarehe ya kununua, nambari ya mtambo na dalili ulizoziona. Simu peke yake haiachi ushahidi. Akikataa, mwambie aonyeshe kwa maandishi kifungu anachokitegemea. Akisema umeme ulipanda ghafla, omba ripoti ya ukaguzi inayothibitisha hivyo. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa, hata pale ambapo kadi imenyamaza. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Mpangaji afahamu kwamba haki ya kudai kwa kawaida ni ya yule ambaye jina lake limo kwenye risiti. Ikiwa hita ilinunuliwa na mwenye nyumba, mpe taarifa ya maandishi mara moja naye awasilishe dai. Ikiwa uliinunua mwenyewe, soma kama waranti inaendelea kukulinda ukiihamishia nyumba nyingine, kwa kuwa baadhi hukoma mtambo unapong'olewa ulipofungwa mara ya kwanza.