SOMO: Mpangilio wa vivumishi vya Kiingereza (soma kabla hujauliza)

Swali la "big red" au "red big" limeulizwa humu hadi limechosha. Naandika mara moja.

1. Anza na a, the, my au these, halafu idadi.

2. Maoni yako: beautiful, cheap.

3. Ukubwa, umbo, umri, rangi, kwa mfuatano huo: big, round, old, brown.

4. Asili (kitu kimetoka wapi) kwanza, ndipo kilichotumika kukitengeneza. Hapa ndipo panapoharibika. Mlango wa Mji Mkongwe ni "an old Indian wooden door". Ukisema "wooden Indian door", mgeni anaona Mhindi wa mbao kabla mlango haujafika. Kinachokaa karibu na nomino ni kile usichoweza kukiondoa: rangi utapaka nyengine, maoni kila mtu na yake, lakini mbao ndiyo mlango wenyewe. Matumizi ndiyo yanayogandana kabisa: "a new straw prayer mat". Prayer haibanduki kwenye mat.

Tahadhari: kivumishi hakichukui wingi. Ni "big doors", hakuna "bigs". Na a/an huangalia neno linalofuata papo hapo, si nomino: "a door", "an old door".

MASWALI

Kijana_wa_Wete: Mwalimu, "white small house" sawa?

— Hatua ya 3.

Kijana_wa_Wete: Si unijibu tu?

— Nimeshakujibu. Rangi ndiyo ya mwisho pale.

Muuza_Vikoi: Kikoi kina buluu na nyeupe. Na mkato unawekwa wapi?

— Rangi mbili ziunge kwa and: "a blue and white kikoi". Mkato ni baina ya maneno ya aina moja: "a lovely, comfortable kikoi", yote maoni. Aina tofauti, hakuna mkato: "a big blue kikoi". Na kwenye kibao cha bei usizidishe vivumishi vitatu, mnunuzi hakuja kusoma risala.

Ukili: Mbona "big bad wolf"? Bad si maoni?

— Umeuliza vizuri. Hapo sauti imeshinda maana. Waingereza wakicheza na irabu, i hutangulia a au o: zigzag, ping-pong. "Bad big" inawakwaza ulimi.

Ukili: Na "mkoba mkubwa mweusi wa ngozi"? Naona mpangilio ni uleule, mkoba tu umehama.

— Naam, "a big black leather bag". Ila usiutegemee penye idadi na matumizi. Chukua "mikeka ya kusalia mipya miwili", anza kuisoma kutoka mwisho: "two new prayer mats".