Lenzi ya zumu imekwama? Ipime kwanza, bisibisi baadaye

Ikifika mwezi wa tisa meza yangu ya ufundi wa lenzi hapa Sakina, Arusha, hujaa. Waongoza watalii wanarudi mjini kutoka Tarangire na Serengeti na lenzi ambazo ukizungusha zumu unasikia kabisa mchanga ukisagika, kama mtu anayetafuna wali wenye mawe. Wapiga picha wa harusi nao wanaleta zao, zilizoponyoka mkononi katikati ya vigelegele. Nyingi ningeweza kumwachia mwenyewe azitengeneze nyumbani, kama asingekuwa ameshazifungua kabla ya kujua anatafuta nini. Ninayoiona mara nyingi ni lenzi iliyoharibika kitu kimoja ikaharibiwa vingine vitatu na bisibisi.

Ninazungumzia lenzi unazoweza kuzivua kwenye kamera, zile za Canon na Nikon za milimita 18-55, 18-135, 70-300 na ndugu zake. Vikamera vidogo vya mfukoni vyenye lenzi inayochomoza yenyewe viache. Ndani yake kuna kapasita ya flashi inayoweza kubaki na volti kama 300 hata betri ikitolewa, na ikikurusha hutasahau.

Hatua ya 1: Ihoji lenzi, na mwenye lenzi

Mzee mmoja dereva aliniletea 18-135 iliyogoma katikati ya zumu. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi.

"Fundi, hii haijaanguka hata siku moja."

"Sawa mzee wangu. Na huku mbele mbona ukingo umebonyea?"

"Aa, hiyo ni ya siku ile kwenye korongo. Lakini baada ya pale ilikuwa inapiga."

Swali halikuwa la kumuumbua. Iliyoanguka ninaitafutia plastiki iliyopasuka na kipande kilichopinda. Iliyokuwa nzito kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ina mchanga, au skrubu zimelegea kwa mtikisiko. Barabara ya changarawe kutoka lango la Loduare la Ngorongoro kushuka hadi Naabi, lango la Serengeti, inalegeza hata skrubu za miwani, sembuse lenzi iliyolala juu ya dashibodi. Iliyomwagikiwa maji au soda ina kutu kwenye waya bapa, ile mikanda myembamba ambayo mafundi simu wanaiita fleksi, na hiyo kwa kweli mpelekee fundi.

Hatua ya 2: Badilishana

Azima kamera nyingine ya aina hiyohiyo. Funga lenzi mgonjwa kwenye kamera nzima, kisha lenzi nzima kwenye kamera yako. Dakika mbili tu. Nimeshaona mtu amefungua lenzi mpaka kioo cha mwisho, kumbe pini moja ya kamera ilikuwa imezama ndani na haichomozi.

Hatua ya 3: Safisha miguso ya umeme

Vile vidoa vya rangi ya dhahabu nyuma ya lenzi ndivyo kamera inavyozungumza navyo. Vikichafuka, Canon itakuandikia Err 01, na wengi hapo huona lenzi imekufa. Chukua kitambaa cha miwani, kiloweshe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 (wauza vifaa vya mafundi simu wanayo), futa upande wa lenzi na upande wa kamera. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa ina maji mengi, usiitumie. Sandpepa usiiguse kabisa, maana ile dhahabu ni utando tu.

Hatua ya 4: Zungusha zumu huku umefumba macho

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu, na sioni haya kuonekana nimekaa na lenzi sikioni kama redio. Ivute polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, mara kumi. Mkono utakuambia.

Ikikwaruza safari nzima, ni mchanga. Ikienda vizuri halafu ikagonga mahali palepale kila mara, tafuta bushi. Ndani ya lenzi kuna bomba lenye mifereji iliyopinda, na ndani ya mifereji hiyo hupita vibushi vidogo vya plastiki vilivyoshikwa na skrubu. Unapozungusha ringi, vibushi vinafuata mfereji na vioo vinasogea mbele na nyuma. Kibushi kimoja kikipasuka au skrubu yake ikitoka nusu, bomba linakwama pale pale. Ukishika ncha ya mbele ikachezacheza kama jino la mtoto, skrubu zimelegea, na picha zako huenda zina ukungu upande mmoja wakati upande mwingine uko safi. Na ile inayoshuka yenyewe ukiiinamisha chini, mara nyingi si ugonjwa bali uzee. Mpira mpana unaokaa nusu juu ya ringi ya zumu na nusu juu ya bomba lililotulia unatosha kuizuia.

Sasa kipimo ambacho wengi hawakijui. Piga picha nne: zumu ikiwa 18, 24, 35 na 55. Fungua taarifa za kila picha kwenye skrini ya kamera uangalie imeandika milimita ngapi. Kama picha zote zimeandikwa 55, au namba zinarukaruka, kiburashi cha zumu kimepinda au kimechafuka. Ni kipande cha chuma chenye vidole vyembamba kinachotambaa juu ya ukanda wenye alama na kuiambia kamera zumu iko wapi. Bila taarifa hiyo kamera huchanganyikiwa, na wewe unalaumu mota isiyo na kosa.

Hatua ya 5: Tundu la mwanga

Tundu la mwanga ni lile la katikati ya lenzi linalofunguliwa na kufungwa na visu vyembamba; namba ya f ikipanda, tundu linapungua. Weka kamera kwenye Av, pale unapochagua tundu mwenyewe. Piga picha tundu likiwa wazi kabisa, kisha piga kwenye f/8, kisha f/16. Ikiwa ya kwanza inapita na zilizofuata zinaleta Err 01, mkanda wa fleksi unaoendesha visu vya tundu umekatika. Canon 24-105 f/4L ya kwanza, ile ya mwaka 2005, inajulikana sana kwa ugonjwa huu, kwa sababu mkanda hukunjwa na kukunjuka kila unapovuta zumu. Kuubadilisha si kazi ya mezani nyumbani: unapita vioo vya mbele na unaweza kuharibu ulinganifu wake. Ila kama una harusi Jumamosi, piga tundu likiwa wazi tu, f/4 mwanzo mwisho, na kazi itaisha.

Nikon za zamani zina mkono mdogo wa chuma nyuma. Usukume kwa kidole kisha uachie. Visu vinatakiwa kuruka papo hapo. Vikirudi kwa uvivu, vina mafuta, na hapo nitakuuliza nani alipulizia mafuta ya kulainisha. Kuna mtu alisema amepuliza "kidogo tu kwenye zumu". Mafuta hayakai ulipoyaweka. Joto la gari lililoegeshwa juani huyatembeza mpaka kwenye visu na kwenye vioo. Mafuta ya cherehani ni hivyo hivyo, na grisi ya gari ni mbaya zaidi.

Vumbi unaloona ndani ukimulika tochi liache. Chembe chache kwenye kioo cha mbele hazionekani pichani. Sifungui lenzi kwa sababu ya vumbi la kuonekana, hata mteja akinisihi.

Hatua ya 6: Andaa meza

Tunafungua tu ikiwa umeshafika hapa na jibu lako ni mchanga, bushi au kiburashi.

Deki chumba, subiri sakafu ikauke, zima feni. Mimi hufanya kazi asubuhi na mapema kabla upepo na bodaboda hazijaamsha vumbi la mtaa. Tandika kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi. Unahitaji pampu ya mpira ya kupulizia, brashi laini, kibanio cha ncha nyembamba, vijiti vya kuchokolea meno, soltepu na simu ya kupiga picha kila unachokitoa. Chora lenzi kwenye karatasi, weka soltepu iliyogeuzwa juu ya mchoro, na kila skrubu ibandike mahali ilipotoka. Skrubu mbili zinazofanana zinaweza kupishana urefu kwa nusu milimita, na ile ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi inatoboa kitu.

Bisibisi ndiyo inayoamua mengi. Skrubu za lenzi za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini si zenyewe. Zimefuata kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani. Bisibisi ya kawaida inagusa sehemu ndogo tu ya msalaba, inateleza na kula kichwa cha skrubu. Tafuta ya JIS ya 00 na ya 000. Ukikosa, chukua ya kawaida ya saizi hiyo uisage ncha kidogo kwenye jiwe la kunolea mpaka ikae chini kabisa bila kutikisika. Skrubu ikigoma huenda ina gundi ya kiwandani: iguse kichwani kwa ncha ya chuma cha kulehemu kwa sekunde chache, kisha jaribu tena huku umekandamiza. Asetoni inayeyusha gundi hiyo, na inayeyusha plastiki ya lenzi pia.

Hatua ya 7: Fungua, lakini kidogo

Anzia juu, si nyuma. Penyeza kijiti chini ya mpira wa ringi ya zumu, zunguka nao taratibu, uvue kama unavyovua soksi. Chini yake kwenye lenzi nyingi utakuta utepe, na chini ya utepe kuna skrubu za ringi, vibushi, na mara nyingi kiburashi chenyewe. Magonjwa mengi unaweza kuyaponya ukiwa umeishia hapa.

Ukiona skrubu imepakwa rangi, au kibushi ambacho shimo lake haliko katikati, simama. Hivyo vimerekebishwa kiwandani ili vioo vikae sawa. Ukilazimika kukigusa, kwanza chora mstari kwa sindano kutoka kwenye kibushi hadi kwenye bomba, ili kirudi pale pale.

Ikibidi kufungua nyuma, geuza kioo cha mbele chini juu ya kitambaa. Kwenye Canon toa zile skrubu mbili ndogo za pembeni zinazoshika miguso, kisha za kifungio, ile ringi ya nyuma inayojifunga kwenye kamera. Inua kifungio wima, polepole, kwa sababu fleksi imekishika. Angalia chini yake kama kuna shimu, vipande vya chuma vyembamba kama karatasi. Zihesabu na zirudi kwa mpangilio uleule. Soketi za fleksi zina kikomeo kidogo: kiinue kwa ukucha kabla ya kuvuta.

Hatua ya 8: Toa mchanga

Puliza lenzi ikiwa imetazama chini, mchanga uanguke badala ya kuingia zaidi. Safisha mifereji kwa brashi kavu, halafu kwa kijiti kilichofungwa kitambaa chenye alkoholi kidogo. Usitumie kompresa ya gereji. Ina maji na mafuta, na nguvu yake inang'oa visu vya tundu.

Sisi wa huku tuna shida yetu. Karibu na Oldupai kuna ile chungu ya mchanga mweusi unaohama, majivu ya Ol Doinyo Lengai, na mchanga ule unashikwa na sumaku. Watalii wanaurusha juu wauone ukirudi kujikusanya, na lenzi iko wazi shingoni. Lenzi yenye kidhibiti mtikisiko ina sumaku ndani, kwa hiyo chembe zile zikiingia huenda moja kwa moja kunata pale. Utapuliza mpaka mashavu yaume na hazitatoka. Zinase kwa kipande cha soltepu kwenye ncha ya kijiti, au kwa plastisini iliyokandwa ikachongwa ncha, chembe moja moja. Kwa sababu hiyohiyo bisibisi yenye sumaku kali isikaribie pale.

Kibushi kilichopasuka hakitengenezeki. Kitoe kwenye lenzi mfu ya aina hiyohiyo. Mafundi wengi tuna boksi la spea za namna hiyo. Skrubu iliyolegea ikaze mpaka ishike, usiongeze nguvu, kwa kuwa inaingia kwenye plastiki. Kiburashi kifute kwa alkoholi pamoja na ukanda wake, na kama kidole kimeinuka, kikunje kwa kibanio kiasi cha unene wa karatasi kisha ujaribu. Kikikatika, lenzi hiyo imegeuka kuwa ya kutolea spea.

Mifereji ikishakuwa safi, iache kavu kama huna grisi maalumu ya lenzi.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kubandika

Rudisha kwa mpangilio wa picha zako za simu ukianzia ya mwisho. Usirudishe mpira bado. Rudia picha nne za milimita, kisha za f/8 na f/16. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera kwenye stendi ikitazamana nao sawasawa, piga tundu likiwa wazi, kuza pembe zote nne ulinganishe herufi. Pembe za kushoto zikiwa na ukungu na za kulia zikasomeka, kuna kibushi hakijarudi kwenye mstari wako wa sindano.

Cha mwisho ni mbali. Mimi huamka saa kumi na mbili, kabla mawingu hayajapanda, nikapiga kilele cha Meru kwenye 18 na kwenye 55. Kikigoma kukaa kwenye fokasi, ninarudi kuhesabu shimu. Kikikaa vizuri, ndipo ninachovya mpira kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, nausuuza, naukausha, na kuuvisha. Ukiwa umelegea, duara moja la utepe wa pande mbili chini yake linatosha.