Mmenunua shamba na wenzenu nje ya Malindi? Msikate ploti kwanza, someni hii

Siku hizi kila chama cha kuchanga pesa huku kwetu kinanunua shamba, Ganda, Msabaha, huko juu juu, ekari tatu ekari tano, na pesa ikishalipwa tu sevea, mpima ardhi, anaitwa akate ploti za futi 50 kwa 100 kila mtu aonyeshwe bikoni zake, yale mawe ya mpaka. Ngojeni kidogo. Leo hapo mnaona mikorosho na mbuzi, lakini Malindi inakuja, tena inakuja mbio, na shamba likishakatwa vibaya na watu wakishajenga hakuna wa kulirekebisha.

Kuna mtaa London, Hampstead Garden Suburb, nautolea mfano kila mara maanake wao waliwahi. Mama mmoja anaitwa Henrietta Barnett alisikia reli inaletwa Golders Green, akajua tu yale mashamba yataliwa na nyumba za kubanana, akahangaika na watu mpaka ekari 80 zikaokolewa ziwe uwanja wa wote, na ekari 243 kando yake zikapangwa mtaa kuanzia 1907, mchoraji mkuu akiwa Raymond Unwin. Leo London imeuzunguka pande zote na miti bado ipo, ua bado upo. Ilikuwa ni kupanga kabla, basi.

Sasa hesabu. Masharti yao yalisema kwa wastani nyumba zisizidi 8 kwa ekari, na ukitazama ni kama ile 50 kwa 100 yetu ambayo watu huiita robo ya nusu ekari, ila mabroka wa huku wanakata ekari yote ploti bila kuacha njia wala uwanja. Ekari tano ni futi za mraba 217,800. Mkikata ploti 40 za 50 kwa 100 zimeenda 200,000, zimebaki 17,800 na hiyo hata njia ya futi 30 haifiki urefu wa futi 600, sasa wa nyuma watapita wapi, juu ya paa? Kateni 32. Hapo mnabaki na 57,800, njia ya futi 30 urefu wa futi 900 inachukua 27,000, na bado kuna karibu robo tatu ya ekari ya watoto kucheza mpira na wazee kukaa. Mtasema ploti nane zimepotea. Hazijapotea, gawanyeni bei yake kwa zile 32, ploti yenye njia na uwanja haiuzwi bei ya ploti ya kichakani.

Na huo uwanja usiwe ile pembe mbovu yenye mawe na shimo ambayo hakuna anayeitaka, nimeona vyama vikifanya hivyo, ati "ya jumuiya", mwisho inakuwa jaa la taka. Uwekeni katikati nyumba ziutazame.

Njia: mtu wa Lamu atawaambia kichochoro kina raha yake, kivuli kutwa, upepo unapita, punda wawili wakikutana mmoja anabanwa ukutani maisha yanaendelea. Kweli kabisa. Hata Hampstead walitaka njia nyembamba, sheria za wakati ule zikiwalazimisha mabarabara mapana kila mahali, ikabidi watungiwe sheria yao bungeni 1906 ndio wakaruhusiwa vinjia vya futi 20 visivyotokezea upande wa pili. Lakini nyinyi huko Msabaha mtaletewa maji ya bauza na siku choo kikijaa mtaita lori la kunyonya, na lori halipiti kichochoroni. Kaunti nayo ina vipimo vyake, mita 9 ndiyo mtaisikia sana. Kwa hiyo njia ya gari iwe moja au mbili za maana, halafu vijinjia vya miguu vikate kati ya ploti kwenda uwanjani na msikitini ili mtoto asizunguke mtaa mzima kununua mahamri.

Ukuta ndio ugomvi mkubwa. Hampstead walikataza kuta kati ya nyumba, mpaka ni ua wa miti, na kwa Malindi hii ndiyo ningeshikilia kuliko yote kwa sababu ukuta wa bloku wa futi nane unakuzibia kusi, halafu jua likiupiga mchana kutwa unakutemea joto usiku kucha. Pandeni mhina. Unashika kwa vipandikizi, unavumilia kiangazi, ukizeeka una miba, na majani hayakosi wateja msimu wa harusi. Piga mistari miwili ya mashimo, shina na shina futi moja, ukifika magotini ukate kichwa usiuonee huruma, hapo ndipo utatoa matawi chini kabisa, ukiuacha urefuke kwanza utakuwa wazi miguuni na kuku wote wa jirani wako kwako. Mwenye hofu ya wezi apitishe seng'enge katikati ya ile mistari miwili, baada ya muda haionekani. Mnyaa nao unaota bila taabu, lakini utomvu wake ukimwingia mtoto machoni ni hospitali, mimi siuweki penye watoto.

Miti ya njiani pandeni masika yakianza, Aprili, iwe imeshika kabla ya kiangazi. Mwarobaini unaota haraka na kivuli chake kizuri ila uwe mbali na shimo la choo na mabomba, mizizi yake haina adabu. Mkungu unatandaza kivuli kipana na watoto watapasua kungu, sawa, ila kuna majani ya kufagia. Mnazi usiwe juu ya maegesho ya gari, sielezi kwa nini. Kila mche uzungushieni matagaa ya miba siku ile ile, sio kesho, kesho mbuzi ameshamaliza. Na chupa ya plastiki imetobolewa kifunikoni, imefukiwa kichwa chini kando ya shina, inamwagilia pole pole wakati wewe uko kazini.

Karatasi sasa, hapa ndipo vyama vingi hufia. Mchoro uandaliwe na mpangaji aliyesajiliwa, upelekwe kaunti uidhinishwe chini ya sheria ya mipango ya 2019, sevea mwenye leseni ndio apime, na kama shamba ni la kilimo kuna idhini ya bodi ya ardhi pia. Halafu masharti yenu, ua, miti, urefu wa nyumba, mwite wakili ayafunge kwenye mikataba ya kila ploti ili atakayenunua kesho kwa mwenzenu yambane naye, na uwanja uwe na hati ya jina la jumuiya, usiachwe kwa jina la mwenyekiti. Kule Hampstead sheria ya 1967 iliwaruhusu wakazi wa nyumba za kukodi miaka mingi kununua ardhi kabisa, masharti yakataka kuyeyuka, ikabidi mahakama kuu iidhinishe mpango maalumu 1974 ndio mtaa ukasimama.

Mambo mawili msiwaige. Hawakuweka maduka ndani, nyinyi acheni ploti mbili mlangoni za duka na kinyozi na mama wa viazi karai. Na yule mama alitaka maskini na tajiri wakae pamoja, leo nyumba za pale ni za matajiri, kwa hiyo ploti chache ziwe ndogo, 40 kwa 60 hivi, na andikeni kabisa kwamba haziunganishwi mbili kuwa moja.

Mkimaliza hayo muite sevea, na kabla hajaondoka mzitembelee naye bikoni zote na mpige picha kila moja.