Kompyuta kuukuu ya mezani iwe skrini ya pili

Jamani, msiiuze kwa bei ya chuma chakavu ile kompyuta ya mezani iliyochoka. Kama skrini yake na CPU (lile boksi la kompyuta) ni vitu viwili tofauti, kazi ni ndogo: chomoa waya wa skrini kwenye CPU, uchomeke kwenye laptopu. Skrini nyingi za zamani zina tundu la picha la aina ya VGA tu na laptopu za sasa zina la aina ya HDMI, kwa hiyo nunua adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA. Angalia sana mwelekeo huo dukani. Ya kutoka VGA kwenda HDMI haifai hapa. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Extend, yaani skrini ya pili iwe nyongeza ya ile ya laptopu.

Ikiwa ni ile ya kipande kimoja, tundu lake la HDMI kwa kawaida hutoa picha tu, halipokei. Hapo tumia Spacedesk, programu inayopeleka picha kupitia mtandao: weka programu kuu kwenye laptopu ya Windows, na ile ya kutazamia kwenye kompyuta kuukuu. Ziunganishe zote kwa kebo kwenye ruta. Kwa Wi-Fi dhaifu mshale wa mausi unavutavuta. Mimi huweka huko barua pepe na PDF, video nazibakiza kwenye laptopu.