Kufufua Datsun 240Z nyumbani: valvu kwanza, moto wa pili, kabureta mwisho

Gari lililonifundisha kazi hii nililikuta Tudor, Mombasa, chini ya mwembe, matairi yote manne yamelala chini. Lilikuwa halijanguruma miaka tisa. Mwenyewe, mzee aliyelinunua enzi za ujana wake, alinikabidhi funguo akaniambia, "Mwanangu, hili halina ugonjwa mkubwa. Ni kabureta tu." Mafundi watatu walikuwa wameshazifungua kabureta zile kabla yangu. Hakuna aliyegusa valvu wala pointi, ile swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa plagi.

Tangu hapo, karibu kila Datsun Z iliyoletwa uani kwangu ililetwa na maneno hayohayo: ni kabureta tu. Na mara nyingi haikuwa kabureta. Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio, na naomba uufuate kama ulivyo hata kama mikono inakuwasha kuzifungua zile kabureta mbili zinazong'aa ubavuni mwa injini.

Kwetu gari hili si geni. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na kufikia 1971 Edgar Herrmann alishashinda nalo Safari Rally, Shekhar Mehta akimfuata nyuma yake kwa gari kama hilohilo. Mwaka 1973 zamu ya ushindi ikawa ya Mehta mwenyewe, na 240Z tena. Injini yake inaitwa L24: silinda sita mstari mmoja, cc 2393, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) moja juu inayozungushwa na cheni, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU, yaani zenye pistoni ndani. Hakuna kompyuta hata moja. Kila ugonjwa wake unaweza kuupima kwa mkono, kwa sikio na kwa multimita ya bei ya chini.

Hatua ya 1: Usiliwashe

Gari lililokaa muda mrefu watu hukimbilia kulifungia betri na kupiga stata. Usithubutu. Silinda zimekauka, ringi za pistoni huenda zimeshikana na kuta, na petroli iliyomo tangini imegeuka kitu kama vanishi.

Toa plagi zote sita. Mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye kila tundu, uache yalale usiku mzima. Asubuhi tia soketi ya 27 kwenye bolti ya puli ya krankshafti na uzungushe taratibu kwa mkono, kufuata mwendo wa saa. Ikikataa usilazimishe kwa bomba refu. Ongeza mafuta, ngoja siku mbili, jaribu tena. Ile ya Tudor ilinichukua siku tano kabla haijaachia, na ilipoachia ilizunguka kama siagi.

Wakati unangoja, toa petroli kuukuu. Chini ya tangi kuna bolti ya kumwagia. Fanya kazi hii nje, betri imeondolewa, hakuna sigara wala jiko karibu. Kinachotoka kikiwa cha kahawia na kina harufu kali ya kuchacha, shusha tangi lote ulioshe, kwa sababu kutu iliyo ndani itaziba filta kila wiki. Badilisha mafuta ya injini na filta yake kabla ya kugusa stata.

Hatua ya 2: Tafuta kutu kabla ya kutoa hela

Chukua bisibisi butu uingie chini. Gonga sakafu, gonga zile reli mbili zinazobeba mwili mbele, gonga chini ya kibao cha betri ambako asidi imekuwa ikidondoka kwa miaka, gonga matao ya magurudumu ya nyuma na pembe zilizo mbele yake. Bati zima hulia. Bati lililooza hunyamaza, au bisibisi huzama.

Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari, hivyo usidanganywe na rangi nzuri. Sakafu hukatwa na kuchomelewa bati jipya, hilo fundi bodi mzuri wa jua kali analiweza vizuri. Reli za mbele ni jambo jingine. Zikiwa zimeoza hadi karibu na ukuta wa injini, piga hesabu upya kabla hujanunua hata plagi moja. Na ukichomelea, funga kwanza vyuma vya kushikilia mwili usijipinde, la sivyo milango haitafunga tena sawasawa.

Hatua ya 3: Kompresheni na valvu

Pima kompresheni plagi zote zikiwa nje, betri imejaa, na mtu amekanyaga mafuta hadi mwisho. Andika namba za silinda zote sita. Unachotafuta ni usawa: silinda dhaifu kabisa isipungue asilimia 80 ya ile yenye nguvu kabisa. Ikiwa moja iko chini, tia kijiko cha mafuta upime tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi.

Ikikubidi kuitoa silinda hedi, kumbuka jambo moja ambalo limewatoa machozi wengi. Kabla ya kulegeza gia ya kemshafti, shindilia kabari ya mbao katikati ya cheni ili isilegee. Cheni ikilegea, tenshona (kikaza cheni) iliyo chini huruka nje ya nyumba yake, na kuirudisha ni lazima ufungue kifuniko chote cha mbele cha injini. Kabari ya mbao laini, ndefu kiasi cha kufika chini, imefungwa kamba ili isije ikadumbukia, inakuokolea siku mbili za kazi.

Kisha rekebisha nafasi za valvu. Injini ikiwa baridi, za kuingiza hewa ni milimita 0.20 na za kutolea moshi ni 0.25. Ikiwa ya moto, 0.25 na 0.30. Zungusha krankshafti mpaka nundu ya kemshafti itazame juu, mbali na valvu unayoipima. Legeza nati kwa spana ya 17, geuza nguzo ambayo roka ya valvu huegemea kwa spana ya 14, kisha pitisha fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi. Inatakiwa iteleze kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kinavyopita kwenye sabuni. Ukishakaza nati pima tena, maana nguzo hupenda kugeuka wakati wa kukaza.

Hatua ya 4: Moto wa plagi

Hapa ndipo magonjwa mengi ya "kabureta" hukaa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Gari la Tudor lilipowaka kwa mara ya kwanza lilitulia vizuri. Likinguruma bila kukanyagwa, ungeweza kusimamisha sarafu juu ya kifuniko cha valvu. Lakini ukikanyaga mafuta linapaliwa, linakohoa kupitia kabureta, linataka kuzima. Ukisikia hayo lazima useme petroli haitoshi. Mafundi walionitangulia ndivyo walivyosema, mmoja akatanua na jeti, tundu la kupitisha petroli.

Nilifungua kifuniko cha distribyuta, kile chombo kinachogawa umeme kwa plagi, nikakaa na tochi. Ndani yake, sahani inayobeba pointi imeunganishwa na mwili wa distribyuta kwa waya mmoja mwembamba wa ardhi, mfupi kuliko kidole. Kwa macho ulikuwa mzima. Nilipoushika kwa koleo ndogo na kuuvuta polepole, gamba lake likanyumbuka kama mpira: nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote. Gari likiwa limetulia, ncha hizo ziligusana na moto ukapita. Ukikanyaga, mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta huisogeza ile sahani, ncha zinaachana, moto unapotea. Kwa hiyo kila ilipoguswa pedali ndipo ugonjwa ulipojitokeza, na kila mtu akalaumu kabureta. Niliuweka waya mpya laini, nikaulehemu, na kikohozi kikaisha siku hiyohiyo.

Fuata utaratibu huu. Vuta ile sahani kwa kidole: inatakiwa igeuke laini na irudi yenyewe. Kwenye distribyuta hizi kuna golori ndogo ndani ya kishikizo cha plastiki, na plastiki ikivunjika sahani hukwama. Safisha pointi, weka nafasi kati ya milimita 0.45 na 0.55. Plagi, NGK BP6ES hufaa sana, ziwe na nafasi ya 0.8 hadi 0.9. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, silinda ya kwanza ikiwa ile ya mbele, na rota inazunguka kinyume cha saa. Nimeshakuta waya za plagi zimechomekwa kufuata mwendo wa saa, na gari likarudisha moto kwa kishindo.

Kuna dalili mbili za kukariri. Gari likiwaka wakati unapiga stata kisha likazima pale tu unapoachia funguo, angalia rezista iliyo karibu na koili. Stata inapozunguka umeme huipita kando, ukiachia funguo umeme hupita ndani yake, na ikiwa imekatika hakuna moto. Ya pili inawashangaza wengi: kwenye 240Z umeme wa koili hupitia kwanza kwenye geji ya mizunguko iliyo dashibodini. Aliyetoa geji ile aisafishe na kusahau kuchomeka waya zake atatafuta ugonjwa injini nzima wakati uko mbele ya macho yake.

Hatua ya 5: Petroli inafika?

Chomoa hosi inayoingia kwenye kabureta, ielekeze kwenye chupa, mwenzako apige stata sekunde chache. Mkondo uwe wa nguvu na usiwe na mapovu. Mapovu maana yake hosi ya upande wa tangi inavuta hewa. Badilisha hosi zote za mpira bila kubakiza. Ukiamua kuweka pampu ya umeme, tafuta yenye shinikizo dogo, psi 3 hadi 4 hivi. Yenye nguvu zaidi huisukuma sindano ya boya na petroli hufurika juu ya ekzosi yenye moto, maana kwenye injini hii kabureta na ekzosi ziko upande mmoja.

Hatua ya 6: Sasa kabureta

Kabureta hizi ni rahisi kuliko sifa zake. Fungua kuba la juu, toa pistoni, osha vyote kwa dawa ya kusafishia kabureta. Usipige msasa, na usichanganye: kila pistoni ilitengenezwa na kuba lake, zikibadilishana hukwama. Weka alama kabla ya kutoa. Ukizirudisha, nyanyua pistoni kwa kidole uiachie. Inatakiwa ishuke na itoe mlio mmoja mkavu chini: tok. Ikishuka kimya kimya, sindano inagusa ukingo wa jeti. Juu ya kila moja tia mafuta mepesi, SAE 20, hadi kwenye alama ya kijiti.

Nati ya jeti iliyo chini ikaze yote juu, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Washa, ngoja injini ipate joto kamili, weka mizunguko kama 750 kwa dakika. Sasa chukua hosi ndefu kiasi cha mkono, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma. Sikiliza ule mlio wa hewa. Geuza skrubu ya kila moja mpaka milio iwe na ukali mmoja. Ukishazoea, sikio linatosha kabisa.

Mwisho, inua pistoni ya kabureta moja kidogo tu, milimita chache. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi, kaza nati juu kidogo. Ikizima, petroli ni chache, shusha. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, umefika.

Hatua ya 7: Kabla ya kuliingiza barabarani

Breki zifungue zote. Mpira wa ndani ya kalipa na silinda za magurudumu uliokaa miaka tisa hauaminiki, hata kama hauvuji leo. Drami za nyuma zikiwa zimeng'ang'ania usizipige nyundo, ni za aluminiamu. Zina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti za milimita 8, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, zitajisukuma nje.

Bushi za nyuma zikiwa zimekwisha utakutana na pini ndefu inayopita chini ya shokapu. Hiyo hufa kutu ndani ya tundu lake kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hili. Ukiipiga nyundo kichwani inatanuka na ndiyo haitoki kamwe. Itie mafuta ya kulegeza kutu kila jioni kwa wiki nzima, kisha ivute kwa skrubu au ipeleke kwenye mashine ya kusukumia.

Na jambo la hali yetu ya hewa. Ukisimama robo saa kwenye jua la Mombasa kisha gari likawaka kwa kusitasita, ukilipa mwendo linapona, petroli ilichemka kwenye vikombe vya boya kwa joto la ekzosi. Hakikisha lile bati la kukinga joto chini ya kabureta lipo, na zungushia bomba la petroli kitambaa cha kuzuia joto pale linapopita mbele ya injini. Usiguse nati za jeti kwa sababu ya ugonjwa huu. Tembea kilomita 500 za kwanza kwa upole, kisha fungua kifuniko cha valvu upime nafasi zote kumi na mbili upya.